Nyanya za Asili na Chotara (F1): Ipi Itazaa Kwenye Mchanga wa Malindi?

Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha vifungu vya sheria ya mbegu vilivyokuwa vikimweka mkulima mdogo hatarini kwa kubadilishana au kuuza mbegu zake zisizosajiliwa. Adhabu ilikuwa nzito: faini ya hadi shilingi milioni 1 na kifungo cha hadi miaka 2. Kesi ilikuwa imefunguliwa na wakulima wenyewe mwaka 2022, na waliposhinda habari ilisambaa upesi. Hapa kwetu ilifika ikiwa imeongezwa chumvi. Mmoja anakwambia mbegu za dukani zimepigwa marufuku. Mwingine anashikilia kwamba korti imekataza GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Wa tatu yuko kaunta ya agroveti, anarudisha pakiti ya F1, yaani mbegu chotara, akisema, "Hapana mwanangu, mimi nataka ya asili, hizi za maabara sizitaki." Muuzaji anampa aina nyingine iitwayo Cal J, naye anaondoka ameridhika.

Mzee huyo hakutapeliwa. Lakini alichopewa si alichodhani anapewa, na kuna swali moja ambalo hakuna aliyemuuliza: utapanda mwezi gani, na maji yako ni ya wapi? Kwa bustani ya nyumbani kutoka Watamu hadi Shela ya Lamu, majibu ya hayo mawili yataamua mavuno yako kuliko neno lolote lililoandikwa kwenye pakiti.

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko wote umejificha humo.

Asili, chotara, GMO

Mbegu ya asili, au ya jadi, ni ile ambayo ukiipanda, ukavuna, ukatoa mbegu na kuipanda tena, unapata mmea uleule. Imerithishwa kwa miaka mingi kutoka mkono hadi mkono. Huko Marekani na Ulaya, wapenzi wa nyanya za aina hii hubishana juu ya umri: wapo wanaotaka iwe imefikisha miaka 50, wapo wanaosema lazima iwe ya kabla ya 1945. Ubishi huo hautuhusu sana. La maana ni kwamba inazaa mfano wake.

Hapo pana aina mbili zinazochanganywa. Kuna zile za kurithishana majumbani, zisizo na pakiti wala jina rasmi. Na kuna zile zilizozalishwa na watafiti, zikasajiliwa na kuuzwa dukani, lakini nazo zinazaa mfano wake vilevile. Hizi wauzaji huziita OPV. Cal J, Rio Grande, Roma VF na Money Maker zote zimo humo. Kwa hiyo yule mzee alipata mbegu ambayo anaweza kuivuna na kuipanda tena mwakani, ila si urithi wa bibi wa mtu. Cal J ilitengenezwa California kwa ajili ya viwanda vya kusindika nyanya.

Chotara ni mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa makusudi na kupandishwa kwa mkono, ua kwa ua. F1 maana yake ni kizazi cha kwanza cha ndoa hiyo. Hakuna sindano wala maabara ya ajabu; kazi yenyewe ni kibano, chavua na subira, na ndiyo sababu pakiti yake ni ghali. Mara nyingi utasikia kwamba mbegu ya F1 ni tasa, ukiipanda tena haioti. Si kweli. Inaota vizuri tu. Shida ni kitakachoota. Anayefuga kuku analijua hili bila kufundishwa: ukinunua vifaranga vya kienyeji vilivyoboreshwa, kundi lote linakwenda sawa, linakua pamoja na linataga pamoja. Ukiwaacha wapandane wenyewe kisha ukaatamisha mayai yao, kizazi kinachofuata ni mseto. Huyu mkubwa, yule kibeti, mwingine anakula tu wala hatagi. Mbegu ya pili ya F1 ndivyo ilivyo. Unaweza kupata mche mmoja mzuri kati ya kumi, lakini huwezi kuutegemea kwa mboga ya nyumbani.

GMO ni jambo jingine kabisa. Huko wanasayansi huingiza au kubadilisha kinasaba chenyewe. Nyanya ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa ilikuwa Flavr Savr, Marekani, mwaka 1994, na haikudumu sokoni. Mwaka 2024 wenye bustani wa huko huko Marekani walianza kuuziwa nyanya ya zambarau iliyotiwa vinasaba vya ua la bustanini. Kwetu, Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku ya GMO Oktoba 2022 na mvutano ukahamia kortini, lakini mazao yaliyokuwa mezani yalikuwa pamba, mahindi na muhogo. Nyanya haikuwemo. Pakiti ya F1 uliyoiona agroveti Malindi si GMO.

Na zile mbegu za rangi, nyekundu au buluu? Hiyo ni dawa ya ukungu iliyopakwa juu. Usiwatupie kuku, nawa mikono, basi.

Tukiondoa hayo, kuna dhana moja inayobaki, kwamba "asili" maana yake ni ya hapa. Nyanya asili yake ni Amerika ya Kusini, milima ya Andes na pwani yake, na waliokuja kuilima sawasawa ni watu wa Mexico. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, hakuna mtu upande huu wa bahari aliyekuwa amewahi kuionja, si Mswahili, si Mreno, si Mwitaliano. Kila nyanya hapa ni mgeni. Tofauti ni kwamba wageni wengine wamekaa muda mrefu wakazoea joto, na wengine wameshuka jana.

Usiku ndio unaoamua

Nenda kwenye mche wa nyanya mwezi wa Machi, saa nne asubuhi, uangalie shada la maua. Nyuma ya kila ua, katikati ya kikonyo chake, kuna kifundo kidogo kilichovimba. Kwenye mche wenye afya kifundo hicho ni kijani. Kwenye mche ulioelemewa na joto kimegeuka manjano, na ukigusa ua kwa ncha ya kidole linakatika papo hapo na kuanguka. Chini ya mche mchanga umejaa maua makavu. Wapo wanaosema hayo ni maua dume. Hayapo maua dume kwenye nyanya. Kila ua lina sehemu ya kiume na ya kike ndani yake, na linajichavusha lenyewe likitikiswa na upepo au na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti.

Kilichotokea ni kwamba chavua iliharibika. Nyanya hupenda usiku wa nyuzi 15 hadi 21 hivi. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 24, au mchana ukipita 32 kwa siku kadhaa mfululizo, chavua hupungua nguvu, ua halishiki, mche unalitupa. Unyevu wa hewa yetu nao huifanya chavua ishikane mabonge badala ya kumwagika. Malindi mwezi wa Machi, usiku huwa karibu nyuzi 25. Julai na Agosti, kusi likivuma, hushuka hadi karibu 22. Lamu, iliyozungukwa na maji, usiku haupoi hata kiasi hicho. Yaani hata katika miezi yetu mizuri kabisa, tuko ukingoni mwa kile nyanya inachokivumilia.

Sasa utaona kwa nini sifa za nyanya nyingi maarufu za jadi hazisafiri. Brandywine, ile kubwa ya waridi inayosifiwa ulimwenguni kote kwa ladha, tunda lake moja linaweza kufika nusu kilo. Nyanya kubwa kiasi hicho huhitaji usiku wa ubaridi na miezi mingi ya utulivu. Hapa itakupa msitu wa majani na matunda mawili. Mtu akiona hivyo huongeza mbolea, na kwa mbolea nyingi yenye nitrojeni mche hunenepa majani zaidi na kutupa maua zaidi.

Kanuni inayofaa kushika ni hii: kadiri tunda linavyokuwa dogo, ndivyo mche unavyolishika kwenye joto. Vinyanya vya ukubwa wa gololi vitazaa wakati zile za ukubwa wa ngumi zimegoma.

Joto linaleta jambo jingine ambalo watu hulitafsiri vibaya. Rangi nyekundu ya nyanya haitengenezwi vizuri hewa ikizidi nyuzi 30. Tunda linakomaa lakini linabaki la chungwa, na begani lina manjano ngumu. Mtu analaumu mbegu. Vuna tunda linapoanza kugeuka tu, uliweke ndani kivulini, litaiva jekundu. Ila usilitie friji.

Kisima, mchanga na kitako cheusi

Kwa upande wa maji, Malindi ina bahati ya Mto Sabaki kwa wale walio kaskazini ya mji, na maji ya bomba kwa wengine, yakitoka. Lamu mjini hutegemea maji matamu yaliyohifadhiwa chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Nje ya hapo ni visima, na visima vingi vya pwani vina munyu. Kama ulimi wako umeuhisi, nyanya iliuhisi kabla yako.

Munyu kidogo hauui mche mkubwa. Hupunguza ukubwa wa matunda na, ajabu ni kwamba, huyafanya matamu zaidi. Lakini miche michanga haivumilii. Kitalu kinyweshwe maji ya mvua au ya bomba hadi miche ihamishwe. Baada ya hapo mwagilia kwenye shina, si juu ya majani, na mwagilia maji mengi kwa nafasi badala ya kunyunyiza kidogo kila saa, ili munyu usukumwe chini ya mizizi. Hapa tena vinyanya vidogo vinashinda: jamaa zao wa porini, kule Amerika ya Kusini, waliota jangwani karibu na bahari.

Kutoka kwa munyu tunafika kwenye ugonjwa unaosumbua bustani nyingi hapa, ambao hata si ugonjwa. Kitako cha tunda kinaanza kuwa na doa la majimaji, kisha kinabonyea na kuwa cheusi kama ngozi. Watu husaga maganda ya mayai, wengine huchanganya chokaa. Ni kweli kwamba tunda limekosa madini ya chokaa. Lakini ardhi yetu hii iliyotokana na matumbawe imejaa chokaa. Ukichimba futi mbili unakutana na jiwe lake. Kinachokosekana ni njia ya kuyafikisha kwenye tunda. Chokaa husafiri na maji, na mche ukikauka leo, ukagharikishwa kesho, halafu ukapewa maji ya munyu, safari hiyo inakatika. Dawa ni kumwagilia kwa mpangilio na kufunika udongo kwa majani makavu. Ganda la yai mpe kuku.

Na nyanya ndefu zenye umbo la yai ndizo zinazodhurika kwanza. Nalisema hili kwa sababu ya Malindi yenyewe na Waitaliano wetu. San Marzano, nyanya ya mchuzi wa pizza, imetoka kwenye udongo wa volkano karibu na Mlima Vesuvius. Ni nzuri mno kwa rojo. Ukiipanda kwenye mchanga, ukainywesha kisima, andaa moyo wako kwa vitako vyeusi. Anayeitaka kwa dhati aipande kwenye ndoo kubwa yenye udongo aliouchanganya mwenyewe, na maji ya bomba. Vinginevyo Roma VF itampa rojo ya kutosha bila kumliza.

Ndoo inatatua tatizo jingine pia. Kwenye mchanga wa pwani kuna minyoo midogo isiyoonekana kwa macho inayoingia mizizini. Mche unanyauka mchana na kufufuka jioni, majani yanapauka, unadhani ni njaa. Ukiung'oa unakuta mizizi imejaa vifundo. Minyoo hiyo huishi pia kwenye bamia na biringani, kwa hiyo usipande nyanya palipotoka hizo. Lamu wana utajiri ambao sisi huku hatuna, samadi ya punda, na udongo wenye mboji nyingi huwapunguzia minyoo hao raha. Iozeshwe kwanza miezi kadhaa, la sivyo utaotesha nyasi zote ambazo punda alikula.

Aina zenyewe

Pakiti nyingi zina herufi baada ya jina. V na F ni aina mbili za mnyauko unaoletwa na ukungu, N ni hiyo minyoo ya mizizi, T ni virusi. Roma VF inastahimili minyauko miwili, haistahimili minyoo. Wala hakuna herufi kati ya hizo inayokukinga na mnyauko wa bakteria, ule unaolaza mche mzima ungali kijani. Angalia pia kama aina ni fupi au ndefu. Nyanya fupi hufika urefu wa kiuno, hutoa maua karibu yote kwa pamoja, huzaa na kumaliza. Ndefu huendelea kupanda na kuzaa mpaka zichoke, na zinahitaji kufungwa kwenye fito.

Kwa kusi letu, fupi zina faida ya wazi. Cal J, Rio Grande na Roma VF zote ni fupi, ganda gumu, nyama nyingi, na zinapatikana dukani bila kutafutwa. Ladha yake ni ya kawaida. Kwa mchuzi wa samaki zinatosha, kwa kachumbari wengine huzilalamikia ukavu.

Money Maker ndiyo inayopendwa kwa kachumbari: ya mviringo, maji mengi, ganda jepesi. Ni ya Kiingereza, ilizaliwa kwa ajili ya vibanda vya vioo vya huko kwenye baridi. Ni ndefu, inataka fito madhubuti, na haina kinga ya maana dhidi ya ugonjwa wowote. Msimu wa baridi yetu inazaa. Kaskazi likianza, usiidai kitu.

Marmande ya Ufaransa, yenye mikunjo kama kiboga, ni tamu lakini ni ya kujaribu mche mmoja au miwili Julai. Cherokee Purple, yenye rangi ya zambarau iliyokoza, mbegu zake zilitumwa kwa posta kutoka Tennessee mwaka 1990 kwa mpenzi wa nyanya aliyeipa jina hilo. Inavumilia joto kuliko Brandywine, ingawa bado ni kubwa kwa usiku wetu. Ukipata Homestead au Floradade, zijaribu kabla ya hizo za Ulaya, kwa sababu zilizalishwa Florida kwenye joto na unyevu unaofanana na wetu. Majirani wa Tanzania wana Tanya na Tengeru 97, zisizo chotara, zenye matunda magumu.

Lakini ukiniuliza mimi mbegu ya jadi ya pwani ni ipi, nitakuonyesha kile kinyanya kinachojiotea chenyewe karibu na jaa, au pale maji ya bafuni yanapotokea. Hakuna aliyekipanda. Kinatambaa juu ya ua wa makuti, kinazaa vishada vya matunda madogo mekundu, makali kidogo kwa ulimi, na kinaendelea Februari wakati nyanya za heshima zote zimekufa. Kimepita kiangazi baada ya kiangazi bila kunyweshwa na mtu. Watu hukifyeka wakipanga bustani, halafu wanaagiza mbegu kwa bei. Kasoro zake ni kwamba ganda hupasuka mvua ikinyesha ghafla, na kuchuma sufuria moja ni kazi ya nusu asubuhi. Mpe mtoto.

Suala la ladha lina ukweli wake, si mawazo tu ya wazee. Nyanya nyingi za zamani huwa na bega la kijani kibichi kabla hazijaiva. Wazalishaji walipendelea tunda linaloiva rangi moja sawasawa, wakachagua kinasaba kinacholeta hivyo, na mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba kinasaba hicho hicho hupunguza sukari kwenye tunda. Kwa hiyo ukiona bega la kijani, usidharau. Lakini ladha pia inaharibiwa na kuvunwa mbichi na kubebwa kwa lori kutoka Taveta au Loitokitok. Hata F1 ikiivia mtini nyuma ya nyumba yako itaishinda nyanya ya sokoni.

Kinachonikera ni kauli kwamba ya asili haishikwi na wadudu. Tuta absoluta, nondo aliyeingia Kenya mwaka 2014 na ambaye kiwavi wake huchimba mifereji ndani ya jani na tunda, haulizi ukoo. Nzi weupe nao huleta virusi vinavyokunja majani na kudumaza mche, na hapa ya asili iko nyuma: baadhi ya F1 zimezalishwa na kinga dhidi ya virusi hivyo, za jadi karibu zote hazina. Kama bustani yako imekunjwa majani misimu miwili mfululizo, nunua F1 yenye kinga hiyo mwaka huu bila kuona aibu, na weka miche michache ya jadi kando. Wala "asili" haimaanishi haikupigwa dawa. Mbegu ni kitu kimoja, ulimaji ni kingine.

Kupanga msimu

Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Julai na Agosti, ambapo unataka maua yatoke, unapata tarehe zako. Sia mbegu mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei, kwenye kitalu kilichoinuliwa na kufunikwa kwa makuti juu, maana masika huzamisha miche. Wiki nne hadi tano baadaye, mvua kubwa ikishapungua, hamisha. Zile siku 75 au 80 zilizoandikwa kwenye pakiti huhesabiwa tangu kuhamisha, si tangu kusia. Wengi hukata tamaa mapema kwa sababu hiyo. Utaanza kuchuma Agosti na kuendelea hadi Oktoba.

Kusi hubeba chumvi ya bahari. Bustani iliyo wazi upande wa pwani iwekewe ua wa makuti au mstari wa mahindi, na fito zichomekwe siku ileile ya kuhamisha, kabla mizizi haijatanda.

Vuli ni msimu wa pili na huku kwetu si wa kutegemea. Ukisia Septemba, maua yatatoka Novemba na Desemba joto likiwa limerudi. Vinyanya vidogo, sawa. Januari hadi Machi, hivyo tu, tena chini ya kivuli cha mchana.

Kuweka mbegu

Kwa kuwa ua la nyanya hujichavusha, huhitaji shamba kubwa kutunza aina yako. Acha mita 3 hivi kati ya aina moja na nyingine. Vinyanya vidogo huchanganyika kwa urahisi zaidi kidogo, vipe nafasi zaidi.

Chagua mche kwanza, tunda baadaye. Kosa linalofanyika ni kuchukua tunda kubwa kuliko yote, hata kama mche ulizaa hilo moja tu. Unataka mche ulioshika matunda mengi kwenye joto na kubaki mzima, hasa ule ulioendelea kuzaa Oktoba wakati wenzake wameacha. Ukifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, aina yako inazidi kuzoea mahali pako, na hapo ndipo thamani ya mbegu ya jadi ilipo.

Kamua mbegu na ute wake kwenye glasi, ongeza maji kidogo, funika kwa kitambaa. Sehemu za baridi huachwa siku tatu. Kwa joto letu, moja na nusu hadi mbili inatosha, zaidi ya hapo zinaanza kuota ndani ya glasi. Juu patatanda utando mweupe wenye harufu kali. Ongeza maji, koroga, na zilizo nzima zitazama huku ute na mbegu tupu vikielea. Mwaga, osha, rudia mpaka maji yawe safi. Zianike kivulini kwenye sahani, si kwenye karatasi maana zitaganda. Zikikauka zina manyoya mafupi, zinateleza mkononi kama mahameli.

Adui aliyebaki ni hewa yenyewe. Unyevu wa pwani huua mbegu upesi kuliko umri. Weka chupa yenye kifuniko cha kubana, ndani yake kijiko cha mchele uliokaangwa mkavu na kupoa, juu ya mchele kijifuko cha mbegu chenye jina na mwezi. Friji ikiwepo, chini kabisa. Hivyo zinaweza kukaa miaka minne au zaidi.

Mbegu za kuletewa kwenye sanduku na mgeni kutoka Ulaya ni habari nyingine. Kuingiza mbegu nchini kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na si urasimu wa bure: kuna virusi vya nyanya vilivyotambuliwa Mashariki ya Kati katikati ya miaka ya 2010, vinavyoacha mabaka ya kahawia yaliyokunjamana kwenye tunda, na vimezunguka dunia vikisafiri kwenye ganda la mbegu. Vimeshaingia Italia.

Kabla ya kusia, mwezi wa Aprili, chukua mbegu kumi uzikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, ndani ya sahani iliyofunikwa, kwa wiki moja. Zikiota nane, endelea. Zikiota tano, weka mbili kwa kila shimo la kitalu. Chini ya hapo, kamuombe jirani.